Neno Lililompandisha Kaka Yangu Treni

17 Novemba 2024
Mvua ya kwanza. Imeanza saa tisa mchana, imenyesha dakika ishirini na mbili. Gaudiose, binti wa marehemu kaka yangu, ametoa ndoo zote nje, hata ile yenye tundu.

Jana alipata barua kutoka chuo cha uuguzi Tabora. Wamempa nafasi, ila alete uthibitisho wa uraia kabla ya tarehe 31 Machi. Ameisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia ya marehemu mama yake. Ana miaka kumi na minane. Alizaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi Warundi, ambako ukiondoka hapa Nsemulwa kwa bodaboda unafika kabla simu haijaisha chaji. Kwenye makaratasi hana nchi.

18 Novemba
Masunga, mhariri wetu wa redio, amenipa kazi. "Dada Odeta, wamekuja wazungu wa amani. Wanakutaka wewe kwa sababu ya Kirundi chako."

Mradi unaitwa Sikio Moja. Nchi kadhaa za Ulaya zinaufadhili ili Burundi, inayojiandaa kwa uchaguzi mwakani, isikie habari za watu wake waliokimbia mwaka 1972 na watoto wao waliozaliwa huku. Watafanya vikao Katumba masika yote. Tarehe 29 Machi, hapa Mpanda, watawatangaza wazee watatu watakaopelekwa Bujumbura kuzungumza kwenye mkutano mkubwa wa upatanisho.

Majina ya wazee yalikuwa kwenye karatasi. La kwanza: Salvator, mkalimani mstaafu.

Huwa nakataa kazi za semina. Hii nimeikubali kabla Masunga hajamaliza kueleza.

19 Novemba
Niandike ukweli kama ninavyouandika kwa ajili ya watu wengine.

Mwaka 2007 watu wa Katumba waliulizwa mmoja mmoja: uraia wa Tanzania, au kurudi Burundi? Meza ziliwekwa kwenye madarasa. Meza ya kaka yangu Ladislas ilikuwa na mfanyakazi wa shirika moja la nje, aliyejua Kifaransa tu, na mkalimani, Salvator. Ladislas alisema kwa Kiswahili, "Nitasubiri mama atoke hospitali." Alitaka wajaze fomu pamoja, yeye na mama. Salvator akamgeukia yule mgeni na kusema kwa Kifaransa kwamba huyu anarudi.

Kwa Kirundi, gusubira ni kurudi. Kwa Kiswahili, kusubiri ni kungoja. Mgeni anaweza kuyachanganya. Mtu wa Katumba hawezi, na Salvator alikuwa ameishi kwa kukalimani tangu kambi inafunguliwa.

Ladislas alikwenda ofisini mara nne kuomba wamrekebishie. Mara zote nne aliambiwa karatasi ndiyo inayosema. Septemba 2009 alipandishwa treni pamoja na mkewe na Gaudiose, aliyekuwa anakaribia miaka mitatu. Huko Rumonge, Burundi, alikuta shamba la baba lina wenyewe. Mwaka 2011 alipigwa jembe kichwani katika ugomvi wa mpaka, akafa. Mkewe alirudi na mtoto kwa miguu, wakaandikwa wakimbizi wapya. Mkewe naye amefariki, miaka mitano sasa.

Shamba la Ladislas la Katumba alipewa Salvator.

Ninayajua maneno ya kaka yangu kwa sababu nilikuwa darasani mle siku ile na rekoda ya kaseti, natafuta sauti za kipindi, bila kufuatilia kinachosemwa. Ninazo sekunde kumi na moja.

Sitaki Salvator afungwe. Nataka asikilizwe. Nataka watu wamsikie mpaka mwisho.

27 Novemba
Uchaguzi wa serikali za mitaa. Nimezunguka vituo sita. Gaudiose ameshinda nyumbani akichambua karanga za mbegu. Jirani alipompitia, "Twende tukapige kura," alimwambia anaumwa tumbo.

5 Desemba
Kikao cha kwanza, Katumba. Msimamizi wa mradi anaitwa Ingvild, mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi, anaongea Kiswahili cha darasani, taratibu, kila neno limepigwa pasi. Hana kiburi. Ameketi kwenye benchi na wanawake, viatu vimejaa tope.

Waligawa kijitabu. Ukurasa wa kwanza: "Simulizi za wazee walioishi katika kiza cha mwaka 1972." Bibi mmoja aliyekaa mbele alisomewa, akauliza kwa sauti, "Kiza? Kwani tulikimbia kwa kukosa taa?" Ukumbi ukapasuka. Mwingine akadakia, "Wangetuletea vibatari tu, tungebaki!"

Ingvild alitazama huku na huku. Salvator akasimama. Ana miaka sabini na moja, amevaa koti la suti, na mgongo wake haujapinda.

"Mama Ingvild, utusamehe, tunacheka majeraha yetu wenyewe. Sisi mwaka ule tunauita ikiza. Ni tauni, ni maangamizi. Aliyetafsiri kasikia kiza, akaandika kiza. Neno siyo jiwe, useme utaokota lolote lililo karibu."

Wakampigia makofi. Ingvild akaandika daftarini.

Mimi pia niliandika. Niliandika: anajivunia masikio yake.

6 Desemba
Mvua kutwa.

13 Desemba
Nimempeleka Gaudiose ofisini kuuliza kuhusu uraia. Afisa amekuwa mwungwana. Amefungua jalada la 2007, akatuonyesha mstari: mkuu wa kaya, Ladislas, uamuzi, kurudi. Akasema kilichoandikwa kupitia mkalimani kinaweza kurekebishwa ikiwa mkalimani mwenyewe ataapa kwamba alitafsiri vingine.

"Kaseti je?" nikamuuliza.

"Kaseti ni sauti ya marehemu, mama. Nani atathibitisha kama ni yeye? Niletee mkalimani."

Njiani Gaudiose alisema, "Kwa hiyo yule babu ndiye ameshika maisha yangu."

"Ndiyo."

"Basi usimwudhi, shangazi."

25 Desemba
Ugali, migebuka, kanisa. Salvator alisoma somo la kwanza. Anasoma vizuri.

9 Januari 2025
Nimekwenda kwa Salvator. Bodaboda alinishusha kwenye kalvati kwa sababu mbele palikuwa bwawa, nikamalizia kwa miguu, viatu mkononi. Mahindi yake yamefika kiunoni. Yamepandwa pale palipokuwa na nyumba ya Ladislas. Mparachichi alioupanda kaka bado upo, umezaa.

Alinikaribisha kwa Kirundi, akaniita mwananje, mwanangu. Mkewe akaleta chai na parachichi lililokatwa. Sikuligusa.

Nikamwambia ninachotaka: barua ya kiapo kwa ajili ya Gaudiose.

"Kaka yako alisema anarudi," akasema.

"Alisema atasubiri."

"Miaka kumi na saba, mwananje. Nilikalimani watu zaidi ya mia nne kwenye chumba kile. Unataka nimkumbuke mmoja?"

"Unalima shambani kwake. Unamkumbuka kila ukishika jembe."

Mkewe alitoka nje. Salvator akakoroga chai iliyokuwa haina sukari.

"Unakuja kwangu kama hakimu," akasema. "Haya. Nani alisoma majina ya wanaorudi, redioni? Mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa, betri mpya. Nikasikia, 'Ladislas, Katumba, na familia yake, wamechagua kurudi nyumbani.' Nikamwambia mke wangu, ebo, huyu si dada yake? Basi kumbe ni kweli jamaa anarudi!"

Akacheka kidogo, kwa adabu.

Kisha akanisindikiza hadi kwenye mparachichi. "Nifanyie kipindi kizuri, kisikike ukumbini siku ya tarehe ishirini na tisa. Miaka hamsini nimetafsiri vilio vya watu, hakuna aliyewahi kuniuliza mimi. Nataka nifike Bujumbura nikiwa na jina. Nataka nikione kilima cha baba yangu nikiwa na kitambulisho shingoni, si kama mwizi. Ukishanifanyia, tutazungumza habari za mtoto."

10 Januari
Amesema kweli, na lazima iandikwe.

Niliyasoma majina yale. Yalikuja yamechapwa, kurasa tatu, nikayasoma hewani saa moja jioni. La Ladislas lilikuwa ukurasa wa pili. Nilidhani amebadili mawazo bila kuniambia. Tulikuwa tumegombana kuhusu mama. Sikumpigia. Kaseti ilikuwa kwenye begi langu. Niliisikiliza miaka miwili baadaye, nilipohitaji kurekodi juu yake kwa sababu kaseti mpya zilikuwa zimeadimika. Alikuwa tayari amepanda treni.

Nilikuwa na sauti yake begani miaka miwili.

Hili halimpunguzii Salvator hata gramu. Linaniongezea mimi.

16 Januari
Kikao cha nne. Mvua ya mawe ilipiga mabati, hakuna aliyesikia lolote kwa nusu saa. Ingvild alicheza bao na wazee, akafungwa.

24 Januari
Nimeongea na Ingvild kwenye gari lake, tumekwama tope tukingoja trekta. Nikamwuliza wanawachaguaje wazee.

"Tunauliza jamii," akasema. "Watu wengi walisema jina la Mzee Salvator. Kwa nini unauliza? Kuna jambo?"

Ningeweza kumwambia pale pale. Angefanya uchunguzi wa kimyakimya, angemwondoa kwa barua yenye maneno laini, na Salvator angewaambia watu kwamba ameachia nafasi kwa sababu ya magoti.

"Hakuna," nikasema.

3 Februari
Maji yamepita juu ya daraja. Hakuna kwenda Katumba.

8 Februari
Gaudiose ameikuta kaseti kwenye meza yangu, na karatasi niliyoandika mpangilio wa kipindi. Ana akili, alielewa.

"Unataka kumrusha," akasema. "Mbele ya wazungu."

"Mbele ya kila mtu."

"Shangazi, wewe unataka babu aanguke. Mimi nataka karatasi. Usiseme ni kitu kimoja."

"Ni baba yako aliyepandishwa treni."

"Najua. Na mimi nilikuwemo." Aliendelea kuchagua mawe kwenye mchele. "Sura yake siikumbuki. Nakumbuka dirisha la treni tu. Lakini chuo kinafunga mlango tarehe thelathini na moja, na hilo dirisha halinisaidii."

Nimemwambia atapata karatasi yake. Hakuniuliza tena habari za kipindi. Nilipaswa kushangaa.

20 Februari
Mahojiano na Salvator, studio. Alikuja na lile koti, amenyoa. Masunga alimpa soda, wakataniana kuhusu ng'ombe na Wasukuma. "Nyie mkija na ng'ombe, mahindi yetu yanageuka maziwa," Salvator alimwambia, na Masunga akacheka mpaka akashika kiti.

Nilimwacha aongee dakika arobaini. Alieleza jinsi alivyovuka mto Malagarasi akiwa na miaka kumi na minane, na mdogo wake mgongoni, na jinsi mdogo wake alivyokuwa ameshakufa walipofika ng'ambo bila yeye kujua. Aliieleza bila kutafuta huruma. Nilikuwa siijui habari hiyo. Nimeiweka kwenye kipindi, yote, bila kukata. Ni haki yake.

Kisha nikamwuliza, kwa sauti ileile:

"Mzee, wewe ni bingwa wa lugha. Wasikilizaji wetu wengi ni vijana. Waeleze: mtu wa Katumba akisema 'nitasubiri', anasema nini?"

Uso ulimng'aa. Nilijua utang'aa.

"Hilo swali zuri sana. Kusubiri ni Kiswahili, ni kungoja. Gusubira ni Kirundi, ni kurudi. Sasa watoto wetu wanachanganya, mtu anakwambia 'nitasubira', ana maana nitarudi. Unaona? Tofauti ni herufi moja, ile ya mwisho. I, anangoja. A, anarudi. Mkalimani ni mtu wa kusikia hiyo herufi ya mwisho."

"Na mkalimani akikosea hapo?"

"Hawezi kukosea! Anayekosea hapo hafai kutafsiri hata bei ya ndizi sokoni."

Alinitazama kupitia miwani. Taa nyekundu ya rekoda ilikuwa inawaka kati yetu. Nadhani alikuwa ameisikia sentensi yake ikirudi kutoka ukutani.

"Tumemaliza?" akauliza.

"Tumemaliza, mzee. Asante."

21 Februari
Nimemsikilizisha Masunga vipande viwili. Sekunde kumi na moja za Ladislas. Kisha bei ya ndizi.

Alivua vipokea sauti masikioni, akavikunja nyaya polepole. "Huyo wa kwanza ni nani kwako?"

"Kaka yangu."

"Duh." Akafikiri. "Masharti mawili. Kwanza, mpe mzee nafasi ya kujibu, kama tunavyompa mtu yeyote. Pili, ukienda hewani useme kwa mdomo wako kwamba marehemu ni kaka yako. Na useme nani alisoma yale majina. Nami nakumbuka, nilikuwa fundi mitambo siku ile."

Sikujua kama anakumbuka. Miaka kumi na saba amefanya kazi nami bila kunigusia.

2 Machi
Katumba. Nimempa nafasi ya kujibu.

Tulikaa barazani. Rekoda niliiweka mezani imezimwa, na nikamwonyesha kwamba imezimwa. Nilimvika vipokea sauti vya simu yangu. Alisikiliza sekunde kumi na moja, akaomba tena. Mara ya pili alifumba macho.

"I," akasema.

"Ndiyo."

"Alisema nitasubiri." Akavivua. "Nilikuwa na watoto wa kiume wanne na ekari moja. Kila aliyeandikwa anarudi, eneo lake lilikuwa linagawiwa. Nilijiambia atakwenda ofisini watamrekebishia. Wengi walirekebishiwa, mwananje. Wengi. Nilijua atarekebishiwa."

"Alikwenda mara nne."

"Nilimwona mara ya tatu. Nilikuwa nimekaa hapo hapo ofisini, nakalimani. Nikainama kama natafuta kalamu."

Hilo la kalamu sikulijua. Nitalikumbuka zaidi ya shamba.

"Nikisaini," akasema, "hutanirusha?"

Sikujibu. Nilizungusha waya wa vipokea sauti, nikauweka kwenye begi, nikafunga zipu. Alikuwa ananitazama mdomoni. Yeye ndiye mkalimani. Kimya changu akitafsiri mwenyewe.

14 Machi
Amesaini. Alikuja Mpanda kwa wakili na jirani yake mmoja kama shahidi. Karatasi inasema: "Ladislas alisema 'nitasubiri'. Mimi nilisema 'anarudi'. Nilijua anachosema." Neno "nilijua" mimi ndiye niliyelidai. Alilitazama muda mrefu kabla ya kuweka saini.

Gaudiose alimpa mkono, akapiga goti kidogo kama tunavyofunzwa. "Asante, sogokuru," akamwambia. Babu. Nilitoka nje.

17 Machi
Kiapo kimepokelewa ofisini. Kimegongwa muhuri. Afisa amesema tungoje siku kumi.

27 Machi
Amepata. Karatasi moja, picha yake kwenye kona, muhuri umegusa shavu. Amenitumia picha yake kwenye simu mara tatu ingawa tulikuwa chumba kimoja.

28 Machi
Jioni hii nilikuwa nahamishia kipindi kwenye flashi. Gaudiose akaja kusimama mlangoni.

"Bado unarusha?"

"Narusha."

"Nilimwambia hutarusha."

Nikaacha nilichokuwa nafanya.

"Nilikwenda Katumba tarehe tisa," akasema. "Alikuwa amekataa kusaini. Alisema ulinyamaza, na yeye anaijua maana ya mtu kunyamaza. Nikamwambia mimi namwahidi. Nikamwapia kwa kaburi la mama. Ndiyo akakubali. Siyo kwa ajili yako, shangazi. Kwa ajili yangu."

Kwa hiyo kimya changu alikitafsiri sawasawa. Bado ana masikio.

"Mimi sikumwahidi kitu," nikasema.

"Najua. Wewe huahidi. Mimi ndiye nimeahidi. Sasa neno langu litakuwa na thamani gani?"

Nilimweleza kwamba karatasi imeshatoka, haiwezi kurudishwa. Nilimweleza kwamba Bujumbura wanakwenda kumpigia makofi mtu aliyeinama kutafuta kalamu. Nilimweleza kwamba mradi wa watu kusikilizana hauwezi kuwakilishwa na mtu aliyejifanya hasikii. Yote ni kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari, kisha akaenda kulala.

29 Machi
Ukumbi ulijaa. Mabango, chupa za maji, mgeni wa heshima kutoka ubalozi mmoja. Salvator alikaa mstari wa mbele, na kitambulisho kimening'inia shingoni, jina lake kwa herufi kubwa. Mkewe alikuwa na kitenge kipya.

Kipindi kilianza saa nne na robo, redioni na kwenye spika za ukumbi kwa pamoja. Nilisema: "Mimi ni Odeta. Mwaka 2007 nilisoma hewani majina ya watu waliochagua kurudi Burundi. Moja lilikuwa la kaka yangu, Ladislas. Hakuwa amechagua. Nilikuwa na ushahidi kwenye begi langu na sikuusikiliza."

Kisha Malagarasi, na mdogo wake mgongoni. Watu walilia. Mgeni wa ubalozi alivua miwani. Salvator alishika mkono wa mkewe. Alikuwa ameanza kuamini.

Kisha herufi ya mwisho. I, anangoja. A, anarudi. Bei ya ndizi. Watu wa Katumba wakacheka, wakapiga makofi.

Kisha Ladislas. "Nitasubiri mama atoke hospitali." Na nyuma yake, mbali kidogo, lakini safi, sauti changa ya Salvator ikimwambia mgeni kwa Kifaransa kwamba huyu anarudi. Nikaisoma tafsiri yake. Kisha nikasoma kiapo, sentensi zote tatu.

Kicheko kilikatika kama redio iliyochomolewa. Yule bibi wa vibatari ndiye aliyesema wa kwanza, bila kipaza sauti: "Salvator. Na wangu je? Mwanangu Nestori naye ulisikia nini?" Mwingine akasimama. Wakafika watu saba wamesimama, kila mmoja anataja jina. Sikuwa nimewapanga. Sikuwahi kufikiri kwamba wapo.

Ingvild alinong'ona na mgeni wake, akamfuata Salvator pale alipokaa, akachuchumaa mbele yake. Akasema kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi:

"Mzee, samahani. Kuhusu safari. Itabidi usubiri."

Salvator alimtazama. "Nisubire?" akauliza. "Nirudi? Nirudi wapi?"

Ingvild hakuelewa. Mzee akageuza macho ukumbi mzima, akatafuta, akaniona. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alihitaji mkalimani.

"Amesema nini, mwananje?"

"Amesema usubiri," nikamwambia. "Kwa i, mzee."

Naandika kwamba nilifurahi, kwa sababu nilifurahi.

30 Machi
Gaudiose hajaongea.

3 Aprili
Mradi umemwondoa Salvator. Wameanza kuorodhesha upya wote waliotafsiriwa kwenye meza ile. Hadi leo wamefika thelathini na wanne. Ingvild amenipigia kunishukuru, kisha akauliza, polepole, "Januari, kwenye gari, nilikuuliza kama kuna jambo. Ukasema hakuna. Kwa nini?"

Nikamwambia ukweli: ungemwondoa kimya.

"Ndiyo," akasema. "Na wale thelathini na wanne wangeanza kurekebishiwa Januari."

11 Aprili
Mvua imepungua. Mahindi ya Katumba yameanza kukauka. Mke wa Salvator amemtuma mtu alete gunia la maparachichi nyumbani, bila ujumbe. Gaudiose ameyagawa mtaani, yote. Hatukula hata moja.

19 Aprili
Gaudiose ameondoka kwenda Tabora. Chuo kilimsogezea siku za kuripoti. Alichagua treni ingawa basi lipo. Sikumwuliza sababu.

Stesheni ilikuwa kavu, mara ya kwanza tangu Novemba. Nilimbebea ndoo na godoro. Alinishukuru kwa kila kimoja, kama unavyomshukuru mchukuzi. Karatasi ya uraia ilikuwa ndani ya Biblia, na Biblia kwapani. Alipanda, akapata kiti cha dirishani, akafungua kioo.

Nilitembea sambamba na behewa lilipoanza kusogea. Nikamwuliza kitu pekee nilichotaka kujua tangu mwezi uliopita.

"Gaudiose, utarudi lini nyumbani?"

Alitoa kichwa nje. Alinijibu, na niliiona midomo yake ikisogea.

"Nitasubir—" nikasikia, na honi ikapigwa, ndefu, ikameza herufi ya mwisho.

Nilisimama pale mpaka behewa la mwisho likapotea kwenye miombo. Rekoda ilikuwa begani kwangu. Sikuwa nimeiwasha.